Kuni za Kitengela na Shauri la Mgunga Mmoja

Ni nadra siku hizi kuipata familia ya pwani isiyokuwa na tawi lake bara. Wapo waliokwenda kwa ajira za viwanda vya Athi River, wapo waliofuata biashara, na wapo waliofuata ndoa. Baadhi yao wakaishia kununua kiwanja pale ambapo mfuko uliwaruhusu. Mjomba wetu ni mmoja wao. Aliondoka Mombasa akiwa kijana, akafanya kazi Nairobi zaidi ya miaka ishirini, na sasa amejenga Kitengela, katika kaunti ya Kajiado. Mwaka huu alitaka Idi ya kuchinja tuilie kwake, na akaweka sharti moja: nyama isichomwe kwa makaa ya gunia, bali ibanikwe polepole kwa moshi wa kuni. Akatuita mwezi mzima kabla ya siku yenyewe, tumsaidie kuzitafuta kuni hizo, kuzikata na kuziandaa.

Twayaandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi tuliyoifanya, nyumba yoyote yenye uwanja mdogo yaweza kuifanya. Ya pili ni kwamba kuni hizo zilituingiza katika shauri la mti mmoja, na shauri la namna ile, kwa tunavyoona, laja katika viwanja vingi ambavyo jamaa zetu wanavijenga huko bara.

Njia ya kwenda

Tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, safari ya Mombasa hadi Nairobi imekuwa jambo la saa chache. Sisi tulipanda ile treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, kwa kuwa hiyo humshusha msafiri Athi River, na kutoka hapo Kitengela si mbali kwa matatu. Anayekaa dirishani huiona nchi ikibadilika kwa miti yake. Minazi na miembe huishia upande wa Mariakani. Hufuata nyika kavu ya Taru na Tsavo. Kisha baada ya Emali huanza uwanda mpana wa majani, wenye miti ya miba iliyotawanyika mmojammoja kama watu wanaosubiri jambo.

Kitengela iko juu ya uwanda huo, kandokando ya barabara kuu iendayo Namanga hadi Arusha. Kaskazini yake ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ambayo upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua, ili nyumbu na pundamilia wapate kutoka wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa ya mifugo na wanyama pori pamoja. Katika miaka ya 1980 ranchi za pamoja za Wamasai zikaanza kugawanywa kuwa mashamba ya mtu mmojammoja, na mashamba yakagawanywa tena kuwa viwanja. Viwanda vya Athi River vilipoongezeka, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na mji ukakua. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne za Marekani kwa kila eka kwa mwaka, ili waiache wazi wanyama wapite. Wapo waliokubali, lakini bei ya kiwanja ilizidi kuvutia zaidi kuliko dola nne.

Leo msafiri anapita kati ya maghorofa, maduka ya saruji na mabati, misikiti na makanisa, na kila baada ya hatua chache anapokewa na moshi wa nyama choma. Ukiendelea kusini utafika Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti. Jina lake limetokana na neno la Kimaa lenye maana ya mto mrefu. Reli ya zamani ya kwenda Magadi kuchukua magadi ya ziwani hupita hapo, nayo ilikamilika mwaka 1915. Mbele zaidi ni Ilbisil, penye soko kubwa la mifugo. Huko ndiko mjomba alikowanunua wanyama wake miaka iliyopita, maana husema kwamba mbuzi aliyekula majani ya mgunga hahitaji viungo vingi.

Kuni gani, na kwa nini

Sisi watu wa pwani tunaujua moshi. Tunafukiza nguo, nywele na vyumba kwa udi na ubani, na kila bibi wa nyumba anajua kwamba udi mzuri hauwaki. Huungua taratibu juu ya kaa na kutoa harufu yake kidogokidogo. Nyama ya moshi nayo ni kanuni hiyohiyo. Kuni ikiwaka kwa ndimi kubwa hutoa joto tupu. Ikifuka kwa kukosa hewa hutoa moshi mzito wenye uchungu. Inatakiwa iungue kati ya hayo mawili.

Ladha yenyewe hutoka ndani ya mti. Mti umejengwa kwa nyuzi zenye asili ya sukari, na kwa gundi ngumu inayozishika nyuzi hizo, ambayo wanasayansi huiita lignini. Sukari hizo zikiungua huipa nyama rangi ya dhahabu na utamu wa mbali. Lignini ikivunjwa na joto hutoa ile harufu tunayoiita ya moshi. Ndiyo maana miti migumu yenye kukua polepole husifiwa, ilhali misonobari na misaipresi, yenye utomvu mwingi wa kunata, huacha masizi na ladha ya dawa. Mikaratusi pia ina mafuta yake makali, na wapishi tuliokutana nao Kitengela hawaitaki kabisa karibu na nyama.

Mti unaosifiwa katika uwanda ule ni mgunga, na migunga ni ya aina nyingi. Kuna ule wenye kichwa kipana kama mwavuli, ambao Wamasai huuita oltepesi. Kuna ule mfupi wa udongo mweusi, wenye vinundu vikavu ambamo sisimizi hukaa, na upepo ukivuma vinundu hivyo hupiga mluzi. Yote ina mti mzito na kaa lenye kudumu.

Lakini aliyetufundisha zaidi alikuwa jirani wa mjomba, mama mtu mzima wa Kimasai ambaye ukoo wake ndio uliokuwa na ardhi ile kabla haijapimwa viwanja. Watoto wetu walimwinamishia vichwa akawagusa utosini kwa kiganja, kama ilivyo desturi yao, nasi tukaona haina tofauti kubwa na kubusu mkono wa mkubwa kwetu.

“Takwenya, yeyo,” mjomba alimwamkia.

“Iko,” akajibu, kisha akageukia Kiswahili. “Hawa ndio wageni wa pwani wanaotafuta kuni? Kuni za kupikia au kuni za kunusa?”

Swali hilo lilitushika. Kwake yeye hizo ni kuni mbili mbalimbali. Akatutolea kibuyu cha maziwa na kijiti cha oloirien, ambao ni mzeituni mwitu. Akakichoma ncha mpaka ikawa kaa jekundu, akaitia ndani ya kibuyu, akakisugua kila upande, akakiziba moshi usitoke, kisha akapangusa majivu kwa brashi ya nyuzi ngumu. Maziwa yakitiwa humo hukaa siku nyingi zaidi bila kuharibika, na hupata harufu ambayo Mmasai aliyelelewa nayo huitamani popote alipo. Akasema kila nyumba ina mti inaoupenda kwa kibuyu, na kwamba mke hutambulikana kwa maziwa yake.

Akatuambia na jambo la hadhari. Katika vilima vya Kajiado huota mti mzuri wa majani ya kijani kibichi ya kung'aa na maua meupe yenye kunukia, ambao kwao huitwa olmorijoi. Ndio mti ambao sumu ya mishale hupikwa kutokana nao. “Usiuchome, usiufanye mshikaki, usiukatie hata fimbo ya kukorogea,” akasema. Nasi twaongeza kwamba yale maua ya waridi na meupe yapandwayo sana mabarazani, yaitwayo oleanda, nayo ni sumu tangu mzizi hadi ua. Kanuni yetu tuliyoiandika daftarini ni hii: mti usioujua jina hauingii motoni.

Shauri la mgunga

Kiwanja cha mjomba ni cha futi hamsini kwa mia, na ndani yake mlikuwa na mgunga mmoja mkubwa, wenye kivuli cha kuketi watu ishirini. Ramani ya fundi ilikuwa imeliweka tangi la maji la chini ya ardhi papo hapo uliposimama. Fundi akatoa rai ambayo masikioni ilikuwa tamu: mti uangushwe, tangi lichimbwe, na kuni za nyama zipatikane bila kutoa hata shilingi. Mkaza mjomba aliunga mkono, maana ndiye aliyekuwa akinunua maji ya mkokoteni kila siku, na anayebeba ndoo ndiye ajuaye uzito wake.

Yule jirani hakuja kugombana. Alikuja jioni, akaketi chini ya mti, akasema maneno machache. Kwamba ndama wa baba yake walifungwa hapo. Kwamba wakati wa ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosa kunyesha msimu baada ya msimu na ng'ombe wakafa kote Kajiado, mbuzi wake waliishi kwa maganda yaliyodondoka kutoka migunga kama huo. “Kiwanja ni chako, mwanangu, tuliuza na tukala pesa,” akamwambia mjomba. “Mimi naomba tu. Mti huu ukianguka, mwingine wa namna hii hataukuta mjukuu wako.”

Usiku huo familia ilikaa barazani kushauriana. Wapo walioona kwamba mti ni mti, na binadamu huja kwanza. Wapo waliokumbusha kwamba kupanda mti anaokula humo mtu au mnyama ni sadaka kwa aliyeupanda, na wakauliza: je, ukikuta umekwisha kupandwa na Mola mwenyewe? Sisi tulichotia katika mizani ni jambo dogo la kazi tuliyoitiwa. Mti mbichi una maji mengi mno ndani yake, na uzani wa maji hayo waweza kukaribia uzani wa mti wenyewe ukikauka. Gogo la mgunga likiangushwa leo lahitaji miezi sita hadi mwaka kabla halijafaa kwa nyama. Idi ilikuwa na mwezi mmoja. Kwa hiyo hata kama mti ungekatwa usiku ule, nyama ya mwaka huu isingenufaika nao kwa lolote. Hoja ya kuni ikaanguka; ikabaki hoja ya maji peke yake, na hiyo ndiyo iliyostahili kujadiliwa.

Asubuhi mjomba alimwita fundi, wakapima upya. Tangi lingeweza kusogezwa upande wa nyuma, ila hapo chini palikuwa na mwamba, na kuuvunja kungegharimu fedha zaidi. Mjomba akazitoa katika zile alizoweka kwa wanyama wa Idi. Alikuwa amekusudia kondoo na mbuzi wawili. Akanunua mbuzi mmoja. Mkaza mjomba alinyamaza siku mbili, na hatukumlaumu, kwa kuwa ni yeye aliyeongezewa wiki tatu za kubeba maji. Siku ya tatu tulimkuta amehamishia jiko lake la mchana chini ya kivuli cha mgunga. Hakusema neno, wala hakuna aliyemwuliza.

Kukata, kuchanja, kukausha

Tukaenda kutafuta kuni zilizokwisha kuanguka. Katika mji unaojengwa kwa kasi hazikosekani. Kila kiwanja kinachosafishwa huacha lundo la migunga pembeni, na mara nyingi mwenyewe huitia moto apate nafasi. Tulizunguka mitaa miwili tukawaomba wenye viwanja, tukapata magogo yaliyokaa juani zaidi ya mwaka. Tukaongeza matawi makavu ya ule mgunga wetu, yaliyokatwa kwa msumeno karibu na shina bila kulijeruhi gome.

Hapa msomaji azingatie sheria. Kanuni za makaa za mwaka 2009 zinataka kibali cha kutengeneza makaa na cha kuyasafirisha, na mwaka 2018 serikali ilisimamisha kwa muda ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Msandali, unaoota katika vilima vya Kajiado na unaotafutwa na walanguzi, ulikatazwa kuvunwa tangu mwaka 2007. Anayenunua kuni barabarani aulize zimetoka wapi, na akiona muuzaji anajiuma ulimi, apite.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake. Kwanza miba. Miba ya mgunga hupenya soli ya kandambili, kwa hiyo glavu za ngozi na viatu vizito ni lazima, na watoto hukaa mbali. Vijitawi vyenye miba huondolewa kwa panga. Kisha gogo hukatwa kwa msumeno vipande vya kiasi cha sentimita thelathini hadi arubaini, likiwa limeinuliwa juu ya magogo mawili ili msumeno usibanwe.

Kisha kuchanja. Kipande husimamishwa wima juu ya kigogo kipana, na mchanjaji husimama miguu imepanuka, shoka likishuka katikati na si pembeni mwa mguu. Panapokuwa na mwanya wa asili, ndipo pa kupiga. Palipo na kifundo pasipigwe. Hapo hutumika kabari ya chuma na nyundo nzito. Kuni za nyama hazihitaji kuwa nene. Unene wa kifundo cha mkono watosha.

Kuchanja si kwa ajili ya kupunguza ukubwa tu. Maji hutoka katika mti kwa njia ya ncha zake na sehemu zilizopasuliwa, lakini gome huyazuia. Gogo zima laweza kukaa mwaka na moyo wake bado una unyevu, ilhali lililochanjwa hukauka kwa miezi michache. Mgunga pia hupendwa na wadudu wanaotoboa na kuacha unga mweupe, nao hukaa hasa chini ya gome, kwa hiyo libandue gome linapoachia.

Kupanga ni sehemu ambayo wengi huiharibu. Kuni zisilale juu ya ardhi. Ziinuliwe juu ya mawe au fito. Zipangwe kwa mwanya, upepo upite. Juu zifunikwe kwa bati, lakini ubavuni ziachwe wazi, maana ukizifunga kwa turubai pande zote unazipika kwa jasho lake na zitaota kuvu. Kajiado, upepo mkavu wa uwandani hufanya nusu ya kazi. Pwani kwetu hewa ina unyevu, kwa hiyo ongeza miezi, na uzipange mahali penye upepo wa bahari bila mvua ya masika.

Kuni iliyokauka hujulikana. Ncha zake hupasuka kwa nyufa zinazotoka katikati kama miale. Ukiigonganisha na nyingine hulia kwa sauti kali, wala haitoi mlio wa kufa. Hupungua uzani mkononi, na rangi yake hufifia. Wengine huziloweka kuni kavu wakidhani watapata moshi zaidi. Maji hayapenyi ila juu juu tu, na kinachotoka mwanzo ni mvuke. Kazi ya miezi ya kukausha hairudishwi nyuma kwa ndoo ya maji.

Moto wenyewe

Vijana wetu walipasua pipa la chuma kwa urefu, wakatia wavu. Pipa kwanza lichunguzwe lilibeba nini. Lililobeba dawa au mafuta ya mitambo lisitumike. Moto huwashwa upande mmoja, nyama hulazwa upande wa pili, na kifuniko hufungwa kikiachiwa tundu dogo. Nyama isikae juu ya kaa moja kwa moja, kwa sababu mafuta yakidondokea motoni hutoa masizi yenye madhara yanayorudi kuigandia nyama.

Kuni huachwa ziwake mpaka ziwe makaa, kisha huongezwa kipande kimoja kimoja, kila nusu saa au zaidi kidogo. Moshi utazamwe rangi. Ukiwa mweupe na mzito, moto unakosa hewa: fungua tundu, ngoja. Ukiwa mwembamba wa samawati, unaoonekana kwa shida, huo ndio. Joto la kati ya nyuzi 110 na 130 za selisiasi lafaa, na bega la mbuzi huchukua saa nne au tano. Hujulikana limeiva mfupa ukitikisika wenyewe. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga vilitosha.

Yapo mambo matatu ambayo hayana mzaha. Usichome mbao za rangi, za gundi, wala vipande vya nguzo zilizotiwa dawa. Dawa za nguzo huwa na shaba, kromu na hata zarniki, na sumu hizo hubaki hata katika majivu. Usiingize jiko la makaa au kuni ndani ya chumba kilichofungwa, hata kuwe na baridi ya Julai ya Kitengela. Hewa yenye sumu inayotoka humo haina rangi wala harufu, na imezima nyumba nzima usiku mmoja. Na mwenye pumu akae upande upepo unakotoka, au akae ndani kabisa.

Siku ya Idi mbuzi alichinjwa baada ya swala, nyama ikagawanywa mafungu matatu kama ilivyozoeleka: la nyumba, la jamaa na majirani, na la wenye kuhitaji. Fungu la jirani yetu mama wa Kimasai lilikuwa bega lililotoka mosini. Alilionja akatikisa kichwa. “Imekaribia,” akasema. “Ila hamkutia oloirien.” Mkaza mjomba alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu shauri la tangi, akamwambia alete kijiti chake mwakani.

Kwa walio nyumbani pwani

Huna haja ya kwenda Kajiado kutafuta kuni. Miembe, mipera na mikwaju hupunguzwa matawi kila mwaka katika viunga vyetu, na matawi hayo yakikaushwa ni kuni njema kwa kuku na samaki. Mikoko tuiache isimame. Tunajua historia yake: boriti za Lamu zilijenga nyumba za Ghuba kwa karne nyingi, mpaka usafirishaji wake nje ukapigwa marufuku mwaka 1982, na leo wavuvi wetu wanajua samaki huzaliana wapi.

Kuna mti mmoja ambao kuukata ni hisani: mathenge. Uliletwa Kenya mwaka 1973 kurudisha kijani katika machimbo ya Bamburi, ukapandwa baadaye Baringo na Tana River ili kuzuia jangwa, kisha ukatoka mikononi mwa watu. Umeziba malisho na njia za maji, na maganda yake yakizidi huharibu meno ya mbuzi. Lakini ni ndugu wa karibu wa ule mti ambao watu wa Texas, huko Marekani, wanausifu kwa kuchomea nyama, nao huuita mesquite. Mwenye jamaa Garsen au Hola anaweza kuagiza kuni za mathenge kwa kibali, akapata moshi mzuri, na mfugaji akapata nafasi ya malisho. Ila shina likatwe pamoja na sehemu ya mzizi iliyo chini ya ardhi, la sivyo huchipua upya, na miba yake iogopwe kuliko ya mgunga.

Na kwa wale wenye viwanja bara wanaosubiri fundi: kabla ya ramani kuchorwa, mpelekeni mchoraji kiwanjani aone miti iliyopo, na muulizeni jirani mkongwe mti ule ulikuwa wa nini. Kusogeza mstari kwenye karatasi hakugharimu kitu. Kuvunja mwamba kulimgharimu mjomba wetu kondoo na mbuzi. Kuni za Idi ijayo nazo huanza kukusanywa sasa, maana mti hukauka kwa muda wake wala hauharakishwi na haja ya mpishi.

Wabillahi tawfiq.